Nondo Ipite Kona: Namna ya Kuifunga Nyumba Isibomoke kwa Tetemeko

Chukua vitabu vinne vyenye jalada gumu, visimamishe mezani vikutane pembe kwa pembe kama kuta za chumba, kisha itikise meza. Kitabu ambacho mtikiso umekipiga usoni kitaanguka kwanza, na vingine vitafuata. Visimamishe tena, vizungushie mpira mmoja karibu na juu, utikise kwa nguvu ileile. Vitasogea na kupinda kidogo, lakini vitabaki vimesimama. Unene wa vitabu haukubadilika, wala uzito. Kilichoongezeka ni mpira.

Nyumba ya matofali, bloku au mawe hubomoka kwa njia hiyohiyo. Ukuta ambao tetemeko linausukuma kwa kufuata urefu wake una nguvu. Utapasuka nyufa za msalaba, lakini aghalabu utasimama. Ukuta uleule ukisukumwa usoni hauna cha kuushikilia isipokuwa kuta za pembeni yake. Kona zikiachiana, unayumba na kulala chini, na paa lililokuwa limekaa juu yake linashuka chumbani. Kwa hiyo pesa ya kuimarisha nyumba iende kwenye maungio: kona, mkanda, na pale paa linapokalia ukuta. Watu wengi huimalizia kwenye kunenepesha ukuta, na hapo ndipo wanapokosea.

Tuupime ukuta mmoja. Una urefu wa mita 4, kimo cha mita 3 na unene wa sentimita 23. Hizo ni mita za ujazo 2.76. Mita moja ya ujazo ya matofali ya kuchoma pamoja na mota yake (mchanganyiko wa saruji na mchanga unaoyaunganisha) ina takriban kilo 1,800, kwa hiyo ukuta huo peke yake ni karibu tani 5. Ardhi ikitikisika kwa mchapuko wa asilimia 30 ya ule wa mvutano wa dunia, kiwango kinachofikiwa karibu na kitovu cha tetemeko kubwa, ukuta unasukumwa ubavuni kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani moja na nusu, mbele na nyuma, mara nyingi ndani ya sekunde chache. Ukiongeza unene, unaongeza na nguvu inayousukuma. Tarehe 30 Septemba 1993, tetemeko la ukubwa wa 6.2 liliua karibu watu 10,000 katika eneo la Latur, India. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa na kuta za mawe zenye unene wa sentimita 60 na zaidi, na juu yake paa la mbao lililobebeshwa udongo mzito. Unene ulikuwepo. Kushikana hakukuwepo.

Wala tetemeko halihitaji kuwa kubwa kiasi hicho. Lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa la ukubwa wa 5.9, na lilitosha kuangusha mamia ya nyumba.

Vipimo nitakavyotaja hapa ni vya nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa. Mahali penye kanuni za ujenzi za matetemeko, kanuni hizo ndizo zinazotawala. Nyumba yenye ghorofa, au iliyo kwenye mteremko mkali au udongo wa kujaziwa, inahitaji mhandisi aliyefika na kuiona.

Mkanda

Mkanda ni boriti nyembamba ya zege yenye nondo, inayozunguka nyumba nzima bila kukatika, pamoja na kuta za ndani. Huwekwa katika ngazi tatu: juu ya msingi, juu ya milango na madirisha (mkanda wa linta), na juu kabisa ya ukuta paa linapokaa. Kama uwezo ni wa mkanda mmoja tu juu ya ule wa msingi, mimi ningechagua wa linta, mradi paa lenyewe limefungwa vizuri. Ukuta hudhoofika zaidi kwenye matundu yake, na mkanda huo unapita juu ya matundu yote kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana milango na madirisha yapangwe yaishie kimo kimoja. Dirisha moja likipanda juu ya mengine, mkanda unakatwa, na mkanda uliokatwa mahali pamoja ni sawa na mkanda wa suruali usio na bizimu.

Upana wa mkanda ni unene wa ukuta. Kimo chake kikiwa milimita 75, weka nondo mbili za milimita 10. Kikiwa milimita 150, weka nondo nne, mbili chini na mbili juu. Zifungwe kwa ringi (vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo) za milimita 6 kila baada ya sentimita 15. Nondo ikiishia njiani na nyingine ikaanza, zipishane kwa urefu usiopungua mara 50 ya kipenyo chake: sentimita 50 kwa nondo ya milimita 10, sentimita 60 kwa ya milimita 12. Mapishano yasiwe kwenye kona, na yasiangukie mahali pamoja kwa nondo zote.

Sasa tukae kwenye kona, kwa sababu hapa ndipo kazi nzuri huharibikia. Fundi mwenye haraka hukata nondo za ukuta mmoja ziishie konani, akakata za ukuta wa pili ziishie papo hapo, akamwaga zege. Kwa macho mkanda umezunguka. Kwa tetemeko, hakuna mkanda. Kuna vipande vinne vya zege vilivyogusana. Nondo ya nje inapaswa kupinda konani na kuendelea ndani ya ukuta wa pili angalau sentimita 60 kabla ya kupishana na mwenzake. Nondo ya ndani ina siri yake. Usiipinde ikafuata pembe ya ndani. Ikivutwa itataka kunyooka, na ikinyooka itabandua zege la pembe na kutoka nje. Ivushe moja kwa moja mpaka upande wa nje wa ukuta wa pili, ndipo uipinde pale, ishikwe na zege lote la kona. Vivyo hivyo ukuta wa ndani unapokutana na wa nje: nondo zake zivuke mpaka nondo ya nje ya mkanda mkuu, zipindwe na kufungwa huko.

Ringi nazo zina kosa lao. Ncha za ringi zikipindwa nyuzi 90 tu, zege la juu juu likibanduka ringi inafunguka kama kifungo kilichokatika uzi, na nondo zinatawanyika. Ncha zipindwe nyuzi 135 ziingie katikati ya boriti au nguzo, na mkia wake uwe na urefu wa milimita 75 hivi. Nendeni na kipande cha nondo kilichopindwa vizuri mkakilinganishe na kila ringi kabla ya kumwaga. Baada ya kumwaga hakuna atakayeona.

Nguzo za kubana ukuta

Kwa nyumba mpya, njia ninayoiamini kuliko zote kwa fundi wa kawaida ni ya kujenga ukuta kwanza na kumwaga nguzo baadaye. Ilianza kutumika baada ya tetemeko la Messina, Italia, la mwaka 1908, na Chile wanaitumia tangu miaka ya 1930. Mwaka 2010, Chile ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 8.8, lililotoa nishati karibu mara 500 ya lile la ukubwa wa 7.0 lililoipiga Haiti wiki chache kabla. Chile ilipoteza watu zaidi ya 500. Haiti ilipoteza zaidi ya 100,000. Kitovu cha Haiti kilikuwa karibu sana na mji mkuu, na hilo lina uzito wake, lakini namna ya kujenga ilichangia sana tofauti hiyo.

Nguzo hizi husimama kwenye kila kona, kila makutano ya kuta, kando ya mlango na ya dirisha kubwa, na popote ukuta unapozidi mita 4 hivi bila kushikwa. Nondo zake ni nne za milimita 10, na zianzie ndani ya msingi, zikiwa zimekunjwa miguu. Ringi ni za milimita 6 kila sentimita 20, lakini kwenye sentimita 60 za chini na sentimita 60 za juu zibanane zifike kila sentimita 10, maana ncha za nguzo ndizo zinazosagika.

Ukuta unajengwa ukiacha nafasi ya nguzo, na kingo zake zinaachwa na meno: tofali moja linatokeza, linalofuata linarudi nyuma. Meno yasizidi robo ya tofali. Yakiwa marefu, zege haliingii chini yake, na ukivunja fomu (mbao zinazolishika zege) unakuta mapango. Usipandishe ukuta zaidi ya mita 1.2 kwa siku, mota ya chini isije ikabonyea kabla haijashika. Ukuta ukifika kimo chake, safisha meno, toa mota iliyodondokea kwenye shina la nguzo (hili husahaulika kila mara), lowesha matofali, funga mbao pande mbili, umwage. Zege linapokauka huwa limeuma meno ya ukuta, na tangu hapo ukuta na nguzo vinatikisika pamoja. Anayemwaga nguzo kwanza kisha akajaza matofali katikati hapati mshikamano huo. Ukuta wake unaweza kuchomoka kama droo.

Mchanganyiko na matofali

Zege la mikanda na nguzo liwe saruji 1, mchanga 2, kokoto 3, kwa kipimo cha ndoo moja ileile. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, na mchanga ukiwa mbichi yapungue zaidi. Zege linalotiririka kama uji ni jepesi kumwaga, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na nguvu hupungua sana. Kwa nguzo nyembamba tumia kokoto ndogo za milimita 12 hivi, ulishindilie kwa kipande cha nondo kwa tabaka za sentimita 30. Nondo zisiguse mbao za fomu: ziwekee vipande vidogo vya zege vya unene wa milimita 25, vinginevyo zitaota kutu na kupasua zege miaka michache baadaye. Mchanga wa ufukweni wenye chumvi huharakisha kutu hiyo. Mwagilia maji kwa siku 7, na ufunike magunia yaliyoloweshwa.

Mota iwe saruji 1 kwa mchanga 4, na itumike ndani ya saa moja na nusu. Ile iliyoanza kukaza, ukaiongezea maji ilainike tena, imekwisha kufa. Matofali ya kuchoma yaloweshwe kabla ya kujengea. Tofali kavu hunyonya maji ya mota na kuiacha unga. Jaza na maungio ya wima, ambayo mafundi wengi huyapaka mota usoni tu na kuacha katikati tupu. Kama unataka kujua ukuta wako ulivyo, bandua tofali moja la juu baada ya wiki. Likitoka safi, bila mota kung'ang'ania, ukuta huo umepangwa, haujajengwa.

Matundu yasikaribie kona. Acha angalau sentimita 60 za ukuta mzima. Kati ya dirisha na dirisha acha sentimita 60 vilevile. Upana wa matundu yote ya ukuta mmoja, ukijumlishwa, usizidi nusu ya urefu wa ukuta huo.

Paa na vitu vizito vya juu

Mbao ya ukutani inayobeba kenchi (fremu za mbao za paa) ifungwe kwenye mkanda wa juu kwa vyuma vilivyozikwa ndani ya zege wakati wa kumwaga, si kwa misumari peke yake. Kenchi nazo zifungwe kwenye mbao hiyo kwa mikanda ya chuma, na paa lipigwe mbao za mshazari ili lisipinde kama fremu isiyo na kona. Paa la bati ni jepesi mno kuliko la vigae au la zege, na wepesi huo ni kinga.

Pembetatu ya ukuta inayopanda mpaka kwenye kilele cha paa ni miongoni mwa sehemu za kwanza kuanguka. Iko juu, mtikiso ni mkubwa huko, na haina kitu kinachoishika. Kwenye nyumba mpya iache kabisa: maliza ukuta kwenye mkanda, na pembetatu uifunge kwa mbao au bati. Kwenye nyumba ya zamani ishushe, uweke kitu chepesi. Ni kazi ya siku mbili na ina faida kubwa kuliko nyingi zinazogharimu zaidi.

Tangi la maji la lita 1,000 likijaa ni tani nzima iliyokaa juu ya kila kitu. Literemshe kwenye mnara wake mwenyewe, mbali na ukuta wa chumba cha kulala.

Nyumba iliyokwisha jengwa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ufa wa tetemeko, kuziba kwa lipu peke yake ni kujidanganya, kwa sababu lipu haina nguvu ya kuhimili kuvutwa. Ufa utafunguka palepale. Ufa mwembamba, usiozidi milimita 5, hujazwa uji wa saruji unaosukumwa ndani kupitia vibomba vidogo, kuanzia chini kwenda juu, ukingoja utokee kwenye kibomba kinachofuata. Ufa mpana zaidi unashonwa kwa wavu wa chuma pande zote mbili. Ukuta ulioachana na timazi au kona iliyofunguka kutoka juu mpaka chini haushonwi: shikilia paa kwa nguzo za mbao, ubomoe, ujenge upya.

Hata nyumba isiyo na ufa inaweza kufungwa mkanda kwa nje. Tumia wavu wa waya ulioungwa kwa kuchomelea, wenye macho ya milimita 25 hadi 50. Bandua lipu kwenye utepe wa sentimita 30 juu ya linta kuzunguka nyumba yote, na kwenye kila kona utepe wa wima wa sentimita 40 kila upande, kuanzia chini ya usawa wa ardhi mpaka juu. Kwangua mota ya maungio kwa kina cha milimita 12 hivi, piga brashi ya waya, osha vumbi, lowesha. Piga lipu ya kwanza ya saruji 1 kwa mchanga 3, unene milimita 12. Bandika wavu, uupigilie misumari ya sentimita 10 hadi 15 kila sentimita 30, na vipande vya wavu vipishane sentimita 30. Piga lipu ya pili ya milimita 16 ili wavu uzikwe katikati, kisha mwagilia wiki nzima. Ukifanya nje na ndani, toboa ukuta hapa na pale upitishe waya unaofunga nyavu mbili pamoja. Kinachoharibu kazi hii ni wavu kubandikwa juu ya lipu ya zamani: lipu hiyo ikibanduka, wavu wote unaondoka nayo.

Ukuta wa mawe una ugonjwa wake. Mara nyingi ni kuta mbili nyembamba zilizojazwa kifusi katikati, na tetemeko huzitenganisha zikavimba kama tumbo. Dawa ni kutoboa ukuta kuanzia upande mmoja hadi wa pili, tundu la milimita 75, kila baada ya mita moja kwenda juu na pembeni, ukipishanisha safu. Ingiza nondo ya milimita 8 iliyokunjwa ndoano pande zote mbili, ujaze zege. Toa mawe taratibu kwa mtaimbo, bila nyundo kubwa, na usitoboe zaidi ya matundu machache kwa siku kwenye ukuta mmoja.

Ukuta wa udongo au matofali mabichi haupatani na lipu ya saruji. Huachana nayo kadiri unyevu unavyoingia na kutoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Peru wamejaribu kuzifunga kuta za namna hii kwa wavu wa kamba za nailoni, nje na ndani, zikiunganishwa kupitia maungio ya ukuta. Ukuta hupasuka, ila vipande hukaa mahali pake, na watu hupata muda wa kutoka. Juu ya wavu piga lipu ya udongo uleule.

Pesa ikiwa haitoshi nyumba nzima, imarisha chumba kimoja: kile ambacho watu wengi hulala. Funga kona zake nne na mkanda wa linta kwa wavu, nje na ndani, funga paa lake kwenye kuta, ondoa ukuta wa pembetatu ulio juu yake. Hamisha vitanda mbali na madirisha. Kabati lifungwe ukutani kwa vyuma vya pembe sehemu ya juu, na mtungi wa gesi ufungwe mnyororo wima. Kisha hakikisha njia ya kutoka chumbani hadi nje haipiti chini ya kitu kizito ambacho hakijafungwa.